Wi-Fi Imejaa, Intaneti Haipo: Jinsi ya Kutafuta Hitilafu katika Kebo ya Akses Pointi ya Nyumbani

Mtu akiona alama ya Wi-Fi imejaa kwenye simu yake huku kurasa hazifunguki, kwa kawaida hushuku mawimbi: ukuta ni mnene, mtandao wa jirani unaingilia wake, au akses pointi, yaani kifaa kinachorusha Wi-Fi, imechoka. Mara nyingi mawimbi hayana kosa. Alama ile huonyesha nguvu ya mawimbi kati ya simu na akses pointi, basi. Haisemi lolote kuhusu kebo inayotoka nyuma ya akses pointi kwenda kwenye ruta au swichi (kifaa kinachounganisha kebo kadhaa za mtandao), na kebo hiyo ikiharibika, akses pointi nyingi huendelea kutangaza jina la mtandao na kupokea simu na kompyuta kana kwamba hakuna lililotokea.

Mwongozo huu unahusu upande huo wa kebo. Ninashikilia kanuni moja: mipangilio isiguswe kabla kebo haijathibitishwa. Anayeanza kwa kubonyeza kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani hupoteza jina la mtandao, nywila na anwani zilizokuwa zimepangwa, na baada ya hapo huwa na matatizo mawili, yaani lile la kebo ambalo bado lipo na lile la mipangilio ambalo halikuwapo. Vilevile, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha ujaribu. Ukibadilisha kebo, poti na adapta kwa pamoja na mtandao ukarudi, hutajua kipi kilikuwa kibovu, na kibovu hicho huenda ukakihifadhi kabatini kama kizima.

Gawa njia katika vipande viwili

Jaribio lenye manufaa kuliko yote halihitaji kifaa chochote cha kupimia. Chukua akses pointi, ipeleke ilipo ruta, na uiunganishe kwa kebo fupi ambayo una hakika nayo. Tumia poti ileile ya ruta ambamo kebo ndefu ilikuwa imechomekwa. Ikifanya kazi hapo, basi akses pointi, mipangilio yake na poti ya ruta havina hatia, na hitilafu imo katika kebo ndefu inayopita ukutani au darini, au katika vichwa na matundu yake. Ikikataa, jaribu poti nyingine ya ruta. Ikikataa hata hapo, iache kebo ya ukutani kwanza na uelekeze macho kwenye umeme, poti na mipangilio ya akses pointi.

Ukiwa na kompyuta yenye poti ya kebo, unaweza kuthibitisha kutoka upande wa pili. Chomoa kebo kwenye akses pointi, ichomeke kwenye kompyuta, zima Wi-Fi ya kompyuta hiyo, kisha fungua ukurasa wowote. Hatua ya kuzima Wi-Fi ni ndogo lakini husahaulika sana, na ikisahaulika jaribio zima halina maana, kwa sababu kompyuta itapitia hewani bila wewe kujua na kukupa jibu la njia nyingine.

Kabla ya kufanya hivyo, angalia kama akses pointi yako hupata umeme kupitia kebo hiyohiyo ya mtandao, utaratibu unaojulikana kwa kifupi kama PoE. Vifaa vinavyofuata viwango vya IEEE, shirika la wahandisi linaloweka viwango vya mitandao, kuanzia 802.3af cha mwaka 2003, hupima kwanza kama upande wa pili una upinzani wa karibu kilo-omu 25 unaotambulisha kifaa kinachostahili kupewa umeme, na visipoukuta havipeleki kitu; kompyuta ya kawaida iko salama. Lakini zipo injekta, yaani vifaa vidogo vya kuingiza umeme kwenye kebo ya mtandao, nyingi zikiwa zimeandikwa volti 24, ambazo hazipimi chochote na hupeleka umeme muda wote. Usichomeke kompyuta kwenye kebo inayotoka katika injekta ya namna hiyo. Itoe injekta njiani kwanza, uunganishe kebo moja kwa moja na ruta, ndipo upime.

Taa ya poti inasema nini, na nini haisemi

Poti nyingi za ruta, swichi na akses pointi zina taa ndogo pembeni au mbele ya kifaa. Ikiwa imezimika kabisa ilhali vifaa vya pande zote mbili vina umeme, vifaa hivyo havionani, na hakuna mpangilio wa nywila wala wa anwani utakaosaidia mpaka taa iwake. Ikiwaka na kupepesa, kuna data inayopita.

Hata hivyo, taa inayowaka haithibitishi kwamba kebo ni nzima. Inathibitisha kwamba vifaa viwili vimekubaliana kasi fulani, na kasi hiyo inaweza kuwa ya chini kuliko inayostahili. Vifaa vingi hutumia rangi tofauti kwa gigabiti 1 na megabiti 100, lakini rangi hizo hazifanani kwa watengenezaji wote, kwa hiyo soma kijitabu cha kifaa chako au, bora zaidi, ingia kwenye ukurasa wa usimamizi wa ruta au akses pointi na utafute kasi ya poti ilivyoandikwa kwa tarakimu.

Nyaya nane ndani ya kebo

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie, kwa sababu hitilafu nyingi zinazoonekana kuwa za ajabu huanzia hapa. Ndani ya kebo ya mtandao mna nyaya nane zilizosokotwa mbili mbili, yaani jozi nne. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili tu: moja iko katika pini 1 na 2, nyingine katika pini 3 na 6. Kasi ya gigabiti 1 kupitia kebo za shaba, ambayo kiwango chake kilipitishwa mwaka 1999, huhitaji jozi zote nne. Kwa hiyo uzi mmoja ukikatika katika pini 4, 5, 7 au 8, mtandao haufi. Vifaa vingi hushuka kimyakimya hadi megabiti 100, taa inaendelea kuwaka, na mwenye nyumba analalamika kwamba mtoa huduma amepunguza kasi.

Ipo dalili inayoifichua hali hiyo. Kwenye kiungo cha megabiti 100, kipimo cha kasi hakivuki takriban megabiti 94 kwa sekunde, kwa sababu sehemu iliyobaki huchukuliwa na vichwa vya pakiti (maelezo yanayotangulia kila kipande cha data) na nafasi kati ya pakiti moja na nyingine. Ikiwa umelipia kasi kubwa zaidi, na kila unapopima ukiwa karibu na akses pointi unapata 90 au 93 au 94 bila kuvuka hapo, acha kushuku mawimbi. Mawimbi yenye shida hutoa majibu yanayopanda na kushuka. Dari iliyonyooka karibu na 94 ni alama ya kebo au poti. Thibitisha tu kwamba poti ya akses pointi yenyewe si ya megabiti 100, kwa sababu akses pointi za bei nafuu zilizotangaziwa kasi kubwa za Wi-Fi wakati mwingine zimewekewa poti ya namna hiyo, na hapo hakuna kebo itakayoibadilisha.

Vifaa vingine havikubali kushuka. Hujaribu gigabiti, hushindwa, huanza upya, na taa ya poti huwaka na kuzimika kila baada ya sekunde chache. Anayeiona hudhani kifaa kimeungua, kumbe ni uzi mmoja usiogusa pini yake.

Kwa hiyo, ikague kebo kwa macho na vidole. Anza na kichwa cha plastiki kila upande: kilimi chake, yaani kijiti cha plastiki kinachokifunga ndani ya poti, kikiwa kimevunjika, kichwa hutoka kidogo kidogo kila kebo inapoguswa, na huo peke yake ni ugonjwa kamili. Tazama kichwa dhidi ya mwanga. Ncha za nyaya zote nane zinapaswa kuonekana zimefika mwisho kabisa wa plastiki, na ganda la nje la kebo linapaswa kuwa limebanwa ndani ya kichwa. Ukiona nyaya za rangi zikiwa wazi nje ya kichwa, mvuto wote unabebwa na nyaya zenyewe, nazo zitaachia siku moja.

Kisha soma mpangilio wa rangi. Ukishika kichwa huku kilimi kikitazama chini na matundu ya kuingizia kebo yakikuelekea wewe, mpangilio unaoitwa T568B, kuanzia kushoto, ni huu: nyeupe yenye mstari wa machungwa, machungwa, nyeupe yenye mstari wa kijani, bluu, nyeupe yenye mstari wa bluu, kijani, nyeupe yenye mstari wa kahawia, kahawia. T568A hubadilishana jozi ya kijani na ya machungwa. Yoyote kati ya hiyo miwili inafaa, mradi pande zote mbili zifanane; na hata zikitofautiana, vifaa vya kisasa kwa kawaida hujirekebisha vyenyewe.

Kosa baya ni la mtu aliyepanga rangi kwa namna iliyomvutia, jozi baada ya jozi, na kurudia vivyo hivyo upande wa pili. Kipimio cha kawaida chenye taa nane kitapita taa zote kwa mpangilio na kusema kebo ni nzima, kwa sababu kinachoangalia ni kama umeme unafika. Lakini pini 3 na 6 sasa zimebebwa na nyaya za jozi mbili tofauti. Kusokotwa kwa jozi ndiko kunakofuta mwingiliano wa mawimbi, na nyaya mbili zisizosokotwa pamoja haziwezi kulindana. Kebo fupi ya namna hiyo huenda ikafanya kazi; ndefu hupoteza pakiti, hushuka kasi, au hukataa kabisa. Ndiyo maana ninahimiza kusoma rangi kwa macho hata pale kipimio kimesema ni sawa.

Mambo mengine ya kebo ni ya haraka. Urefu wote kati ya kifaa na kifaa usizidi mita 100. Kebo isipinde kwa kona kali, isibanwe na mlango, isipigiliwe misumari inayoibana, wala isifungwe sambamba na nyaya za umeme wa nyumba kwa safari ndefu. Kebo ya aina ya Cat5e inatosha kwa gigabiti 1. Huna haja ya kununua ya daraja la juu ili kutibu kebo iliyokatika. Unaponunua, hata hivyo, epuka kebo zilizoandikwa CCA, yaani alumini iliyopakwa shaba. Zina upinzani mkubwa kuliko shaba tupu, hukatika kwa urahisi zikipindwa, na hazifai hasa pale kebo inapobeba pia umeme.

Umeme

Akses pointi inayojizima na kujiwasha, hasa watu wengi wanapoitumia, kwanza shuku umeme wake. Linganisha volti na ampea zilizoandikwa kwenye adapta na zile zilizoandikwa chini ya kifaa: volti zilingane, ampea zisiwe pungufu. Adapta ya kifaa kingine yenye plagi inayoingia si lazima iwe sahihi.

Kwa PoE, angalia kwanza kama poti mbili za injekta hazijabadilishwa. Upande ulioandikwa LAN au Data huenda kwenye ruta, na upande ulioandikwa PoE huenda kwenye akses pointi. Zikigeuzwa, akses pointi haipati umeme. Kisha linganisha viwango. Kile cha 802.3af hutoa hadi wati 15.4 kwenye chanzo, na 802.3at cha mwaka 2009 hutoa hadi wati 30. Sehemu ya umeme huo hupotea njiani ndani ya kebo. Akses pointi inayotaka 802.3at ikilishwa na swichi ya 802.3af inaweza kuwaka vizuri, kisha ikazima baadhi ya redio zake au ikajiwasha upya kazi inapozidi.

Poti isiyo yake na anwani zinazogongana

Ikiwa kebo na umeme vimethibitishwa, sasa ni halali kugusa mipangilio. Tatizo kubwa hapa huwapata wanaotumia ruta ya zamani kama akses pointi. Ruta ina poti ya WAN, ya kuunganisha na intaneti, ambayo mara nyingi ina rangi yake peke yake, na poti kadhaa za LAN, za vifaa vya ndani ya nyumba. Kebo ikichomekwa kwenye WAN bila kubadilisha hali ya kifaa, ruta ya pili huunda mtandao wake ndani ya mtandao wako. Intaneti huenda ikapatikana, lakini printa iliyo upande mmoja haionekani upande wa pili, na ikiwa ruta zote mbili hutumia anwani za 192.168.1, hata intaneti inaweza kukataa.

Ikiwa kifaa kina hali ya akses pointi katika menyu yake, ichague na uache kifaa kijipange chenyewe. Kama hakina, fanya kwa mkono, na mfuatano una umuhimu. Kabla ya kuunganisha ruta ya zamani na ile kuu, unganisha kompyuta na ruta hiyo ya zamani peke yake. Badilisha anwani yake ya LAN iwe katika mtandao wa ruta kuu lakini nje ya zile ambazo ruta kuu huzigawa. Kwa mfano, ruta kuu ikiwa 192.168.1.1 na ikigawa kuanzia 100 hadi 200, ipe ya zamani 192.168.1.2. Hifadhi, ingia tena kwa anwani mpya, kisha zima huduma ya DHCP, yaani ile inayogawa anwani kwa vifaa. Baada ya hapo kompyuta haitapewa tena anwani na ruta hiyo, na ndivyo inavyotakiwa. Sasa chomeka kebo kutoka poti ya LAN ya ruta kuu hadi poti ya LAN ya ruta ya zamani, na uiache WAN ya ruta hiyo tupu.

DHCP ikiachwa inafanya kazi katika vifaa viwili, simu moja itapewa anwani na ruta kuu na nyingine itapewa na ile ya zamani, pamoja na maelekezo ya kupitia mlango usiotoka nje. Matokeo ni malalamiko yasiyoeleweka: baba ana intaneti, mtoto hana, na kesho wamebadilishana. Dalili za aina hii zinazohama kutoka kifaa hadi kifaa karibu kila mara ni za anwani.

Ukikuta kifaa kimejipa anwani inayoanza na 169.254, maana yake kiliomba anwani na hakuna aliyejibu. Rudi kwenye kebo. Kama katikati kuna swichi inayosimamiwa, yaani yenye mipangilio yake, hakikisha pia poti ya akses pointi haijawekwa katika VLAN (kundi la poti lililotengwa kama mtandao wake) ambayo ruta haimo.

Mtandao wote unapoganda

Ikiwa nyumba nzima hupoteza mtandao muda mfupi baada ya kuchomeka akses pointi, na taa zote za swichi hupepesa kwa kasi kwa pamoja bila kupumzika, umetengeneza mzunguko. Ujumbe unaotumwa kwa vifaa vyote hutoka poti moja, hurudi kwa nyingine, na hurudiwa bila mwisho. Sababu ni kebo mbili kati ya vifaa vilevile, kebo iliyochomekwa ncha zote mbili katika swichi moja, au akses pointi za mesh, yaani zile zinazoungana zenyewe kwa zenyewe, zilizounganishwa kwa kebo ilhali bado zinaungana pia kwa hewa.

Chomoa kebo moja baada ya nyingine, ukisubiri kidogo kila mara, hadi taa zitulie. Ya mwisho kuchomolewa ndiyo iliyofunga mzunguko. Kwa mesh, fungua programu yake na uthibitishe kwamba kila kituo kimeandikwa kuwa kinatumia kebo.

Kebo inayokata na kurudi

Hitilafu ya kuja na kuondoka huhitaji ushahidi. Weka kompyuta kwa kebo mahali pa akses pointi, kwa tahadhari ile ya injekta, na utume ping isiyokoma, yaani ujumbe mfupi unaoomba jibu, kwa ruta; kwenye Windows amri ni ping -t 192.168.1.1, ukiweka anwani ya ruta yako. Fungua dirisha la pili na utume ping kwa anwani ya nje. Zikikatika zote mbili kwa wakati mmoja, hitilafu iko ndani ya nyumba. Ikikatika ya nje peke yake, mpigie mtoa huduma ukiwa na saa na dakika mkononi, maana mazungumzo huwa mafupi zaidi ukiwa nazo. Kwenye kebo nzima ndani ya nyumba, jibu la ruta huja ndani ya milisekunde chache na pakiti hazipotei. Huku ping ikiendelea, tikisa taratibu kila kichwa cha kebo na kila tundu la ukutani. Mahali ambapo majibu yanasimama ndipo pa kukarabati.

Kama kutikisa hakuonyeshi kitu, angalia kwamba hakuna poti iliyolazimishwa kasi. Upande mmoja ukifungwa kwenye megabiti 100 za kutuma na kupokea kwa wakati mmoja na mwingine ukiachwa ujichagulie, huu wa pili huangukia hali ya kutuma na kupokea kwa zamu, na kiungo hufanya kazi kwa kurasa nyepesi lakini hulemewa mara faili kubwa inapopita. Acha pande zote zijichagulie. Baadhi ya vifaa pia hukatika kwa sababu ya hali ya kuokoa umeme kwenye poti, inayotokana na kiwango cha 802.3az cha mwaka 2010. Izime upande mmoja na uangalie kwa siku nzima.

Mwisho, zipo poti zinazokufa, hasa baada ya radi, na hazifi zote kwa ukamilifu: poti inaweza kubaki na megabiti 100 tu, au kukataa kebo ndefu na kukubali fupi. Ikiwa kebo ileile hufanya kazi vizuri kwenye poti ya jirani, ziba poti mbovu kwa kipande cha utepe wa gundi ili mtu mwingine asiitumie. Ikiwa iliyokufa ni poti ya WAN ya ruta ya zamani, poti zake za LAN bado zinaweza kukuhudumia kwa utaratibu ulioelezwa juu. Na kama kebo yako hutoka jengo moja hadi jingine kupitia nje, weka kinga ya radi iliyounganishwa na ardhi katika kila upande kabla hujachomeka akses pointi mpya.